Drili mbovu na bomba la maji: kisa cha bunduki ya filamu iliyojengwa Dodoma

Mwongozaji aliomba bunduki ya miaka mia mbili ijayo, na iwe imeshachakaa. Filamu yenyewe ni fupi, ya dakika kumi na tano hivi: Dodoma ya baadaye, maji yameadimika, kisima kimewekewa mlinzi. Mlinzi huyo angeibeba bunduki tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera ingeisogelea karibu kabisa. Mimi nilikuwa upande wa vifaa. Kila kinachoshikwa na mwigizaji, kuanzia ndoo, kilipitia kwangu.

Mchoro wa kwanza aliotuletea mwongozaji ulikuwa AK iliyorefushwa mtutu na kubandikwa taa. Fundi aliutazama, akaurudisha mezani. "Kaka, hii mtu akiiona anasema AK imebandikwa taa." Na kweli. Wengi wanaoingia kwenye kazi hizi hudhani uhalisia wa silaha bandia ni kufanana na silaha ya kweli. Kwa filamu ya siku zijazo hesabu hiyo haikubali, maana hakuna mtazamaji aliyewahi kuiona ya kweli ili ailinganishe. Anachokitafuta, hata bila kujua, ni sababu. Mkono unashika wapi? Umeme unaingilia wapi? Ikikwama porini, mlinzi anaifungua kwa skrubu ipi? Kitu chenye majibu hayo kinaaminika hata kikiwa na umbo la ajabu, na kisichonayo kitabaki boksi lililopigwa rangi hata kikimaliza kopo kumi.

Walioifungua njia hii walianza na vitu halisi. Kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, silaha za wale askari wenye deraya nyeupe zilikuwa Sterling, bunduki ya Kiingereza, zilizoongezewa darubini na kikasha cha kuhesabia cha viwandani. Bastola ya mhusika Han Solo ilikuwa Mauser C96 ya Kijerumani, na upanga wa mwanga wa Luke ulitokana na mpini wa taa ya kamera ya Graflex. Kwenye Aliens ya 1986, ile bunduki yenye tarakimu nyekundu za kuhesabu risasi ilijengwa juu ya Thompson, bunduki ya rashasha ya Kimarekani, na chini yake ikawekwa Remington 870, bunduki ya marisau. Mtazamaji haioni Thompson. Anaona kitu chenye viungo vinavyofanya kazi, kwa sababu kweli vilifanya kazi kabla ya filamu.

Sisi tusingeweza kuanzia hapo, na hata tungeweza nisingekubali. Silaha halisi nchini zina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna mtayarishaji wa filamu ndogo anayetaka kusimama barabarani kujadili vifungu vyake na askari. Tena mwezi Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, bastola halisi iliyokuwa kwenye seti ya filamu ilimuua mpigapicha mkuu. Kwa hiyo tuliiga mbinu ile ile bila silaha: mifupa itoke kwenye mashine ya kweli, ila mashine hiyo isiwe bunduki.

Fundi wetu ni kijana wa Chang'ombe anayetengeneza drili, grinda na pampu za maji. Nyuma ya banda lake kuna rundo la drili zilizoungua mota. Ukiitazama drili vizuri, ina karibu kila kitu tulichokuwa tunahangaika kukichora: mpini unaokaa mkononi, triga yenye springi inayorudi yenyewe, kitufe cha kubadili mzunguko, matundu ya kupitishia hewa ya kupoza mota. Matundu hayo ndiyo yaliyonishawishi. Mchoraji akiambiwa aweke matundu kwenye bunduki ya ajabu ataweka popote panapopendeza. Kwenye drili yapo pale mota ilipo, na jicho linajua kwamba mle ndani kuna kitu kinachopata moto.

Mota ikatolewa, tukapata nafasi ya betri. Kichwa cha mbele kinachobana biti tulikiondoa kabisa, kwa sababu hicho ndicho kinachoisema drili hata kwa mtoto. Mtutu ukawa bomba la PVC la inchi moja na nusu lililoingizwa ndani ya bomba la inchi mbili, la nje likikatwa mianya mirefu kwa grinda, na kati ya mabomba hayo fundi akazungusha waya wa shaba alioufumua kwenye mota ile ile. Jua likipiga kupitia mianya, shaba inang'aa ndani ya kivuli. Haikugharimu kitu, na ndiyo sehemu ambayo watu huuliza zaidi.

Kuhusu PVC, jambo moja la afya: inalainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, na hapo unaweza kuikunja au kuibana itakavyo. Lakini ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Tulipasha nje, upepo ukiwa mgongoni. Fundi alikuwa amezoea kupashia mabomba ndani ya banda, na kwa hilo hatukuelewana hadi mwisho.

Chini ya mtutu tulifunga pampu ya baiskeli. Mwongozaji alitaka mlinzi awe na tendo la kukoki, na pampu inalitoa bila udanganyifu: mkono unavuta, kuna ukinzani, hewa inatoka kwa sauti yake. Mrekodi sauti aliichukua hivyo hivyo. Ndani ya kisa, kuna kitu kinachohitaji mgandamizo kabla ya kufyatua. Hakuna anayekieleza kwenye filamu na hakuna haja.

Halafu uzito. Bunduki nyingi za kivita zina kilo tatu hadi nne na nusu, na mwili unaobeba uzito huo hutembea tofauti. Mabega hushuka, mkono wa mbele hutafuta mahali pa kupumzika, mtu akigeuka anaisubiri bunduki imfuate. Yetu ilipokamilika umbo ilikuwa nyepesi mno, na mwigizaji aliipeperusha kama fagio. Tulipitisha nondo ya milimita 16 ndani ya bomba, kuanzia nyuma ya mpini kwenda mbele. Nondo hiyo ina karibu kilo 1.6 kwa mita, hivyo kipande cha nusu mita kinaongeza gramu mia nane. Tukaongeza kingine kwenye kitako ili mizani isilemee mbele. Hatukufika kilo nne, na sikuona sababu ya kufika huko: mwigizaji alikuwa dada mwembamba na angepanda nayo miamba juani. Kilo mbili na nusu zilitosha kumbadilisha mwendo.

Kitako nacho kilikatwa kwa kipimo chake. Bunduki za mabegani kwa kawaida huwa na sentimita 33 hadi 36 kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Kwake tulishuka hadi 31. Tofauti ya sentimita chache inaonekana ndogo, lakini kitako kirefu humlazimisha mtu kunyoosha shingo, na kamera hulinasa hilo mara moja. Ukijenga silaha bila kujua nani ataishika, unajenga pambo la ukutani.

Vibao vya pembeni vilikuwa plaiwudi nyembamba na vipande vya MDF, mbao za unga wa miti uliogandamizwa, kutoka kwa fundi fenicha. Kingo za MDF hunywa rangi, kwa hiyo zilipakwa kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Maungio yakazibwa kwa puti ya mafundi rangi wa magari, msasa namba 120, halafu 240, halafu 400 wa maji. Hapa sina la ziada. Ni kazi ya mkono na barakoa.

Maandishi yalileta ubishi kuliko nilivyotarajia. Mwongozaji alitaka maneno ya Kiingereza kwenye bunduki, kwa madai kwamba ndivyo mashine zilivyo. Nilimuuliza: mlinzi wa kisima wa Dodoma, miaka mia mbili ijayo, atasomeshwa onyo kwa lugha ya nani? Tukakata herufi kwenye filamu ya zamani ya eksirei, tukapuliza rangi ya njano iliyofifia: HATARI. USIFUNGUE KABLA HAIJAPOA. Karibu na betri: GEUZA, VUTA. Baadaye mwongozaji mwenyewe ndiye aliyeomba kamera ianzie hapo.

Sasa rangi, na hapa Dodoma ina mambo yake. Hewa ni kavu, na katika miezi ya kiangazi upepo huamka kabla ya saa nne asubuhi na kuleta vumbi. Ukipuliza rangi mchana, matone hukauka hewani kabla hayajagusa kifaa, na uso unatoka na chembechembe kama msasa. Vumbi nalo huganda kwenye prima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikiwa mbichi. Fundi rangi wa magari aliyetusaidia hufanya kazi kuanzia alfajiri na kufunga jua likishapanda, baada ya kumwagia maji sakafu ya banda ili vumbi litulie. Tulifuata ratiba yake: prima ya kijivu, rangi ya fedha sehemu zinazotakiwa kuwa chuma, kisha nyeusi isiyong'aa juu yake. Nyeusi ilipokauka, fundi alisugua unga wa penseli kwa kitambaa, na PVC ikapata ule mng'ao mzito wa chuma kilichopakwa mafuta. Ujanja huu wa penseli ni wa zamani katika kazi za maumbo madogo, na sijaona rangi ya kopo inayoushinda.

Uchakavu ndio uliorudiwa. Mara ya kwanza msaidizi wa fundi alichukua msasa akakwaruza bunduki nzima kwa bidii sawasawa, kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitakoni. Ilionekana imechakaa kama ukuta uliopigwa rangi ya mapambo. Kitu kinachotumika hakichakai hivyo. Tukaenda kwenye kijiwe cha bodaboda kutazama pikipiki zenyewe. Tangi limelika pale magoti yanapobana, breki imekuwa nyeupe kwa vidole viwili tu, sehemu ya kuwekea mguu imelika upande mmoja. Pembeni mwa hapo rangi ni nzima kabisa, ila imejaa vumbi lililogandana na oili.

Kwa hiyo tulimpa dada yule bunduki akae nayo, tukamtazama anavyoishika akiwa amechoka. Mkono wa kushoto haukukaa pale tulipodhani. Uliteleza nyuma hadi kwenye pampu. Kidole gumba kilizoea kupumzika kwenye kitufe cha mzunguko. Tukailaza nyeusi upya, safari hii tukaifuta hadi fedha itokeze kwenye sehemu hizo tu: pampu, kitufe, ukingo wa mpini, na kona moja ya kitako inayogusa chini anapoketi. Mdomo wa mtutu ukapata rangi ya zambarau na kahawia nyepesi, kama chuma kilichopata moto mara nyingi. Mahali mkono usipofika tulijaza udongo. Udongo wa pale pale kwenye miamba tuliyopanga kupigia picha, uliochujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na vanishi isiyong'aa. Faida yake ni kwamba vumbi jipya lililoingia wakati wa kupiga picha lilikuwa na rangi ile ile, na hakuna aliyehangaika kulifuta kati ya picha moja na nyingine.

Nilikotumia muda mwingi kuliko kokote ni tarakimu za chaji. Mwongozaji alitaka namba nyekundu mbili zishuke kila mlinzi anapofyatua. Kijana anayesomea umeme alitengeneza saketi ndogo. Mezani ilipendeza, kwenye kamera ilikuwa balaa. Namba moja inawaka, ya pili imezima, halafu zinabadilishana, na wakati mwingine nusu ya 8 inatoweka.

Sababu yake ni hii. Ili kuokoa waya, saketi za aina hiyo haziwashi tarakimu zote kwa pamoja. Huwasha moja, huizima, huwasha ya pili, haraka kiasi kwamba jicho huziunganisha. Kamera haiunganishi hivyo. Sisi tulipiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, kipimo kinachoendana na umeme wetu wa hezi 50, na kwa kasi hiyo ndani tatizo lilikuwa dogo. Lakini nje, kwenye jua la saa sita la Dodoma, kamera ndogo isiyo na kioo cheusi cha kupunguza mwanga hujilinda kwa kufupisha shata, hata chini ya 1/1000. Katika kipande hicho kidogo cha sekunde, tarakimu moja tu ndiyo huwa imewaka. Jua letu lilikuwa linaufichua ujanja wa saketi.

Dawa ilikuwa kuacha kubania waya. Tulichukua chipu mbili za 74HC595, kila moja ina njia nane za kutolea umeme, na tarakimu mbili zinahitaji vipande kumi na vinne vya mwanga. Kila kipande kikapata njia yake na rezista yake ya kupunguza umeme, kikawaka mfululizo bila kuzimwa. Tahadhari iko kwenye jumla: chipu hiyo haitakiwi kupitisha zaidi ya miliampia 70 kwa pamoja, kwa hiyo vipande saba vikiwaka kwa namba 8, kila kimoja kisizidi 10. LED nyekundu, vitaa vidogo vya tarakimu hizo, hutumia karibu volti 2. Seli ya litiamu iliyojaa ina 4.2, volti 2.2 zinazobaki ukizigawa kwa rezista ya omu 330 unapata miliampia 6 na kitu. Salama.

Ila mwanga wa miliampia sita juani hauonekani. Kijana alitaka kuongeza umeme. Fundi alinyanyuka, akarudi na kioo chekundu cha taa ya nyuma ya pikipiki, akakikata na kukiweka juu ya tarakimu. Kioo chekundu hupitisha nyekundu na kumeza sehemu kubwa ya mwanga mwingine wa jua, hivyo sehemu iliyozunguka namba ikawa nyeusi na namba zenyewe zikabaki. Umbo lake la mistari tuliliacha. Linaonekana ni kioo cha mashine fulani, na ndivyo lilivyo.

Seli ilitoka kwenye betri ya laptop kuukuu, ikawekewa kibao cha ulinzi na fyuzi. Sheria ilikuwa moja: isichajiwe ikiwa na joto, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45, na gari lililofungwa Dodoma mchana hufika hapo bila shida.

Siku tulipoitoa nje kuijaribu, mama anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara alisimama na beseni mkononi.

"We fundi! Hiyo inapiga?"

"Haipigi mama, ni ya filamu."

"Na mimi nitajuaje?"

Swali hilo lilibeba nusu ya pili ya kazi yetu. Nchi nyingine zimelijibu kwa rangi. Marekani hutaka bunduki za kuchezea zenye umbo la silaha ziwe na alama ya machungwa mdomoni, ingawa zile za filamu zimesamehewa. Japani tangu 1971 bastola za mfano za chuma lazima zipakwe nyeupe au njano na mtutu uzibwe. Uingereza kwa sheria ya mwaka 2006 imebana uuzaji wa zinazofanana mno na za kweli. Sisi hapa tuko kwenye jiji la Bunge na Mji wa Serikali, lenye mageti mengi na walinzi wenye silaha za kweli. Kibali cha kupiga picha chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ni lazima, tulikuwa nacho, lakini karatasi iko mfukoni na bunduki iko mkononi, na mtu ataona mkono kwanza.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukiwa na kifaa chenyewe ndani ya sanduku. Shikamoo, marahaba, sanduku likafunguliwa. Mzee aliigeuza, akabonyeza triga, akacheka. "Hii drili, wanangu. Mimi naijua ni drili kwa sababu mmeniletea mezani. Yule wa getini hamtampelekea mezani." Barua akaandika, na ya polisi akatuelekeza jinsi ya kuipeleka mapema, yenye tarehe, mahali na picha za kifaa.

Kilichobadilika baada ya hapo ni ujenzi wenyewe. Mtutu ukawekewa uzi wa skrubu ili ung'oke. Kitako kikafungwa kwa bolti mbili. Bunduki ikasafiri vipande vitatu ndani ya sanduku la mbao, haikupanda bodaboda, na haikuunganishwa hadi watu wote wafike kwenye miamba na wachungaji wa karibu waambiwe. Kizibo cha machungwa kilikaa mdomoni muda wote kamera ikiwa imezimwa. Mwongozaji alilalamika kwamba tunampotezea dakika. Zilipotea, ndiyo.

Kwa picha za kuanguka tulitengeneza nakala ya pili kwa mikeka ya sponji ngumu, ile ya vipande vinavyoshikana ambayo watoto huchezea. Iligundishwa kwa gundi ya mafundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri zikauke hadi zisinate kidoleni, ndipo unabana. Ikapashwa hewa ya moto ili vinyweleo vifunge, ikapigwa rangi zile zile. Kwa mita tano huitofautishi na yenyewe. Tatizo ni picha ile ambayo mlinzi anateleza na bunduki inagonga jiwe: mtutu unapinda, halafu unanyooka. Niliomba irudiwe kwa kuiangusha ile ya nondo peke yake, bila mtu. Mwongozaji alisema hakuna atakayeona, akaiacha ndani ya filamu, na hadi leo anasema hakuna aliyeona.